Uimara wa Pikipiki Zetu na Ubovu Uonekanao katika Ukaguzi wa Kila Mwaka

(Hotuba ya Katibu mbele ya Wajumbe, katika sherehe za mwaka wa kumi wa Chama Kikuu)



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za bei, za maghala na za mikopo. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya pikipiki. Huenda wako watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa siku kubwa kama ya leo. Lakini tukitazama vema tutaona kwamba karibu kila kazi ya ushirika wetu hupanda pikipiki. Bwana shamba huifikia migunda ya milimani kwa pikipiki. Karani wa mizani hupeleka vitabu vyake kwa pikipiki. Dawa za mimea, mbegu, na hata mgonjwa wa usiku apelekwaye zahanati, vyote hupita njia hiyo hiyo. Tena vijana wetu wengi hupata riziki zao kwa kazi ya bodaboda. Kwa hiyo pikipiki ikikosa breki mteremkoni, asiyerudi nyumbani ni mtoto wa mwanachama.

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni uimara na usalama. Pikipiki ndogo ni chombo imara kweli kweli. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, ilikuwa imekwisha kutengenezwa zaidi ya milioni 100 ilipofika mwaka 2017, wala hapana chombo kingine cha injini kilichofikia hesabu hiyo. Siri yake ni wepesi wa mambo: pistoni moja, kupozwa kwa upepo, na vitu vichache vya kuharibika. Pikipiki za cc 125 na cc 150 tunazozitumia hapa zafuata njia hiyo hiyo. Ukibadilisha oili kwa wakati na kusafisha chujio la hewa, injini itakutumikia miaka mingi. Lakini uimara huo ndio mtego wenyewe. Mtu huona pikipiki yake imewaka kwa teke moja alfajiri, akasema, "Nzima hii," akaondoka; kumbe injini ni nzima, na breki ni mgonjwa.

Tuone ushahidi kutoka nchi yenye desturi ya zamani ya ukaguzi. Uingereza ilianzisha ukaguzi wa vyombo vya barabarani mwaka 1960, kwanza kwa vyombo vilivyotimiza miaka kumi. Mwaka 1967 ikashusha umri huo hadi miaka mitatu. Pikipiki nayo, ikisha kutimiza miaka mitatu, hupelekwa kwa mkaguzi kila mwaka. Mkaguzi huyo hapimi nguvu za injini, wala hachunguzi klachi na gia. Hutazama taa, breki, matairi, usukani, mnyororo na fremu. Na matokeo yatangazwayo na serikali yao yaonyesha kwamba kundi la kwanza la ubovu wa pikipiki ni taa na ishara. Kisha hufuata breki, matairi, na usukani pamoja na shokamzoba. Ndugu zetu hao huendesha juu ya lami, tena wengi wao hawabebi mzigo. Basi sisi wenye vumbi, matope na magunia, yatupasa kutazama mara mbili pale wanapotazama mara moja.

Tuanze na taa. Balbu ina uzi mwembamba ndani yake, na mtikisiko wa barabara ya mawe huukata. Nyaya huchubuka zinapopinda chini ya usukani, na maji ya mvua hutia kutu viungo vyake. Taa ya breki ndiyo isahauliwayo kuliko zote, kwa sababu mwendeshaji haioni. Karibu na kanyagio la breki ya nyuma iko swichi ndogo ivutwayo na springi. Springi ikilegea, taa haiwaki, au huwaka daima isimwambie neno ajaye nyuma. Dawa yake ni balbu moja na dakika chache za kukaza. Lakini lori likikufuata jioni katika ukungu wa milimani, taa hiyo nyekundu ndiyo sauti yako ya pekee.

Jambo la pili ni breki. Pikipiki nyingi za kwetu zina breki ya ngoma nyuma, na baadhi hata mbele. Shuu zikilika, mwendeshaji hukaza nati ya fimbo ya breki, nayo breki hushika tena. Hukaza leo, hukaza wiki ijayo, mpaka nati ifikapo mwisho wake, na hapo ndipo aambiwapo na mteremko kwamba shuu zilikwisha zamani. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo nje ya ngoma: breki ikikanyagwa na mshale ukapita alama, shuu hazifai tena. Kuutazama mshale huo hakuna gharama yo yote. Wako pia vijana wanaoilegeza breki ya mbele wakiogopa kwamba itawaangusha. Hilo ni kosa kubwa. Chombo kinaposimamishwa, uzito huelekea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lifanyalo sehemu kubwa ya kazi. Tena tukumbuke kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali utakiwao breki ikisha kushika huongezeka mara nne.

La tatu ni matairi. Huko Uingereza pikipiki iliyozidi cc 50 hutakiwa iwe na mifereji ya tairi yenye kina kisichopungua milimita 1. Kwetu tairi kipara huendeshwa mpaka nyuzi zionekane, kwa hoja kwamba wakati wa kiangazi halitelezi. Lakini msimu wa mavuno una mvua zake, na udongo wetu mwekundu ukilowa hauna huruma. Tazameni pia nyufa ubavuni mwa tairi, na njiti zilizolegea. Njiti moja ikikatika, mzigo wake huwaangukia jirani zake.

La nne ni mnyororo. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa. Mnyororo ukilegea mno huruka meno. Ukikatika mwendoni waweza kujiviringisha na kulifunga gurudumu la nyuma. Kwa pikipiki nyingi za kiasi cha zetu, mchezo wake katikati huwa milimita 20 hadi 30, lakini lifuateni neno la kitabu cha pikipiki yenyewe. Tena mnyororo mpya usifungwe juu ya sproketi zilizochongoka meno, kwani meno hayo huula mnyororo mpya upesi, na fedha yenu ikapotea.

La tano ni usukani na beringi. Inueni gurudumu la mbele, shikeni fimbo zake chini, msukume na kuvuta. Mkisikia mgongano, beringi za usukani zimelegea. Geuzeni usukani pole pole. Ukikwama katikati kana kwamba umeingia shimoni, beringi zimekula. Na shokamzoba za mbele zikilowa oili, ujue mpira wa kuzuia oili umekufa, na oili hiyo ikitiririka yaweza kuifikia breki.

Ubovu huu wote una ndugu mmoja, naye ni mzigo. Gunia la kahawa safi katika biashara ya dunia ni kilo 60. Magunia mawili ni kilo 120, na mwendeshaji wa kilo 65 akikaa mbele, jumla ni kilo 185. Uzito huo wapita uzito wa pikipiki yenyewe ya cc 125. Shuu, njiti na beringi hazikuundwa kwa shehena ya namna hiyo kila siku, na mzigo ukiwa nyuma mno, gurudumu la mbele huwa jepesi hata usukani usitii.

Sasa twafika penye uchungu. Katika vikao vya vyama vya msingi tumesikia hoja tatu dhidi ya ukaguzi. Ya kwanza ni kwamba polisi hukagua vyombo na kutoa stika katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, basi yatosha. Kazi hiyo twaiheshimu. Lakini hati ya ukaguzi hushuhudia hali ya siku ile tu, na shuu zilizopita leo zaweza kwisha kabla ya mavuno. Hoja ya pili ni kwamba pikipiki ikilala siku moja wakati wa msimu, fedha hupotea. Ni kweli. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe kabla ya msimu, wakati maghala yangali matupu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Vijana wengi huendesha pikipiki za mkataba. Kila jioni hutakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na kibakiacho ni cha chakula. Tukimwambia kijana huyo anunue tairi jipya, atanunua kwa njaa ya watoto wake, au hatanunua kabisa. Na wenye pikipiki hizo ni nani? Baadhi yao ni sisi wenyewe tulioketi hapa. Haifai mwanachama apokee hesabu ya kila siku na kuacha breki iwe shauri la maskini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa mifupa ya vijana.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano huu uyafikiri mambo manne:

1. Kila pikipiki ibebayo mazao au watumishi wa Chama ikaguliwe na fundi aliyechaguliwa na Halmashauri, mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu. Na isiyopita isipewe mzigo wa Chama mpaka itengenezwe.

2. Chama kinunue kwa jumla shuu, balbu, nyaya za breki, minyororo na matairi yaliyo halisi, na kuviuza kwa wanachama kwa bei ya ushirika, kama tufanyavyo kwa mbolea.

3. Mwanachama mwenye pikipiki ya mkataba aandike katika mkataba wake kwamba breki, taa na matairi ni juu yake, si juu ya mwendeshaji.

4. Gunia lisizidi moja kwa safari moja, na karani wa mizani awe na mamlaka ya kukataa.

Twajua kwamba jambo la nne halitapendwa, kwani safari mbili hula petroli kuliko moja. Lakini ushirika wetu haukuanzishwa ili gunia lifike na mbebaji asifike. Miaka kumi iliyopita tulikubaliana kwamba mkulima mmoja hawezi kupigania bei peke yake. Leo twasema vivyo hivyo juu ya kijana mmoja mteremkoni: breki yake na iwe shauri letu sote. Twaomba wajumbe walijadili jambo hili kabla hatujatawanyika, na kura ipigwe.