DAWA YA PAMBA SI YA KITANDANI
(Maneno ya Bwana Afya kwenye mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama, kunguni wanatunyima usingizi, najua. Lakini dawa ya pamba mnayochukua ghalani ni ya shamba. Ukiinyunyiza kitandani, atakayeivuta usiku kucha ni mtoto wako.

Fanyeni hivi. Toeni vitanda nje, legezeni kamba, mwagieni viungo na nyufa zote maji yanayochemka. Humo ndimo wanamojificha mchana. Mashuka na nguo chemsheni. Nyufa za ukuta zibeni kwa udongo.

Mayai huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo rudieni kila wiki, mara 3. Na tufanye nyumba zote siku moja, maana kunguni wa jirani ni wako pia. Jumamosi tuanze, jamani.