Kompyuta ya Ukoo na Amana za Watu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, na watoto wetu mliotoka Maskati, Dubai, Toronto, Mombasa na Unguja kuja kukutana nasi hapa Uingereza,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuonana tena, na namwomba awarehemu waliotutangulia. Kamati imenitaka niseme nanyi juu ya kompyuta tunayokusudia kuinunua ili kuhifadhia hati za ukoo. Kabla sijaeleza iwe ya namna gani, yanipasa kwanza nikiri kosa.

Wengi wenu mnakumbuka kompyuta yetu ya kwanza, na kwamba mtunzaji wake nilikuwa mimi. Ilipochakaa, mwaka 2022, nilifuta majalada yote kwa mkono wangu, kisha nikaiuza kwa bei ya kutupa. Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua. Alikuwa muungwana, Mungu amlipe. Alinieleza kwamba yaliyofutwa ameyafufua, na kwamba ameona pasi za watu kumi na mmoja pamoja na barua ya daktari. Barua ile ilikuwa ya dada yetu mmoja, na maradhi yaliyotajwa ndani yake hata wanawe walikuwa hawajaambiwa. Nilimwendea nikamweleza. Hakunitukana. Alisema tu: "Kaka, mimi nilidhani nimeiweka kwako." Tangu siku ile hajatukabidhi karatasi yake hata moja, wala hana lawama. Ameniruhusu niyasimulie haya bila ya jina lake, ili yasimfike mwingine.

Niliajiriwa serikalini huko Unguja mwaka 1983, na kwa miaka saba nilitumikia masijala ya siri. Huko kila jalada lilikuwa na namba yake, kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Jalada likitoka, daftari liliandikwa limekwenda kwa nani na limerudi lini. Nilipohamia huku nikadhani kompyuta yenyewe ndiyo kabati. Sivyo. Aghlabu, kufuta jalada katika kompyuta ni kama kung'oa kadi yake katika faharasa. Jalada lenyewe hubakia rafuni mpaka mahala pake paandikwe kitu kingine. Jambo hilo sikulijua, na sikumwuliza anayejua.

Pengine mtu atasema: basi na tuziache karatasi masandukuni. Masanduku nayo yametupotezea mengi. Wapo miongoni mwetu waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 bila hata cheti cha kuzaliwa, na watoto wao walipotakiwa ushahidi wa nasaba kwa ajili ya uraia au mirathi, sote tulihangaika. Hati tunazihitaji, na hazina budi kuwekwa pamoja. Swali ni vipi.

Muuzaji atatusifia kasi ya mashine na ukubwa wake. Hayo si haja yetu. Ukurasa mmoja ulionakiliwa kwa skana huchukua kama megabaiti 1 au 2. Kurasa 3,000 hazizidi gigabaiti 6, na kompyuta ya kawaida ya leo ina nafasi mara nyingi zaidi ya hiyo. Tutazame mambo matatu.

La kwanza, diski yake isimbwe yote, yaani yaliyomo yageuzwe mafumbo yasiyosomeka ila kwa neno la siri. Windows 11 toleo la Pro ina BitLocker kwa kazi hiyo. Kompyuta za Apple zina FileVault. Ikiibwa ikiwa imezimwa, na neno la siri likiwa imara, mwizi amepata chuma, hakupata barua ya mtu.

La pili, iwe na mfumo endeshi ambao mtengenezaji wake bado anauziba nyufa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mtumba hazikubali Windows 11 kwa kuwa hazina kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Tuulize kabla ya kutoa fedha. Rahisi huweza kuwa ghali.

La tatu, iwe ya kazi hii peke yake. Isichezewe michezo, isifunguliwe barua pepe, na isiunganishwe na intaneti ila kwa kupokea masahihisho ya mfumo.

Lakini kununua ndiyo sehemu nyepesi. BitLocker hutoa namba ya akiba yenye tarakimu 48. Neno la siri likisahauliwa na namba hiyo ikipotea, hati zimekwenda moja kwa moja. Napendekeza iandikwe katika karatasi mbili, zitiwe katika bahasha zilizofungwa, moja iwe kwa mwaminifu aliyeko hapa na moja Maskati. Ziwepo pia diski mbili za nje zenye nakala, nazo zimesimbwa, zikae nyumba mbalimbali, na zichomolewe kila baada ya kunakili. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry iliyafunga majalada ya kompyuta nyingi duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Diski iliyoachwa imechomekwa huweza kufungwa pamoja na kompyuta yake. Tena liwepo daftari, kama la masijala: nani kafungua, lini, kwa haja gani.

Mwisho, na hili ndilo kubwa kwangu: si kila karatasi iingie. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, hati za viwanja na nasaba, naam. Barua za madaktari zibaki kwa wenyewe, isipokuwa mwenyewe ataka kwa hiari yake. Na akitaka kuziondoa, ziondolewe pia katika nakala zote mbili, naye ashuhudie.

Utunzaji wa kompyuta hiyo siuombi. Naomba wateuliwe wawili miongoni mwa vijana wetu, nami niwe mwandishi wa daftari tu, nikikubaliwa. Amana ni deni, na langu sijamaliza kulilipa.