Aliyeumia Kazini na Gharama za Kudai Haki Yake



Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1981 juu ya kazi ya binadamu, alihesabu bima ya ajali kazini miongoni mwa haki za mfanyakazi. Basi fidia si sadaka ya mwajiri. Lakini haki hii ina mlango wake, na wengi huelekezwa kwenye mlango usio wake.

Chukueni mfano wa kibarua aliyekatwa kidole gumba na mashine. Kidonda hakijakauka, dalali amekwisha kumfikia wodini na karatasi ya kutia sahihi. (Madalali hao wanazijua saa za kutembelea wagonjwa kuliko wengi wetu.) Anaahidiwa kesi, na fedha zikipatikana wagawane nusu kwa nusu.

Hapa Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 haimruhusu mfanyakazi kuanza kwa kumshtaki mwajiri wake mahakamani. Mawakili waliipinga sheria hiyo kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia maafisa wake. Kwa hiyo kesi iliyopelekwa moja kwa moja kwa hakimu yaweza kutupwa kwa kukosa mamlaka, na kwa kawaida gharama humwangukia aliyeshindwa. Kubwa zaidi ni muda uliopotea: dai lapaswa kuwasilishwa katika miezi 12 tangu siku ya ajali, au ya kifo ikiwa mfanyakazi amefariki. Anayerudi kutoka mahakamani mikono mitupu huenda akaikuta miezi hiyo imekwisha.

Utaratibu wenyewe hauhitaji wakili mwanzoni. Mfanyakazi amjulishe mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Naye mwajiri, akiisha kupata habari, ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi. Dai laweza kuwasilishwa na mtu mwingine kwa niaba ya aliyeumia. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuleta pingamizi kwa Mkurugenzi, ambaye hujibu kwa maandishi katika siku 14. Baada ya jibu hilo ziko siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo wakili mwema ni msaada mkubwa, kama vile mwajiri anapokataa kulipa kilichoamuliwa na ikabidi mahakama imlazimishe.

Hata hivyo, Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya kumlipa wakili endapo tu kesi itashinda. Ile nusu kwa nusu haina msingi. Mteja anaweza kudai hesabu ya gharama kwa maandishi, na akiona imezidi, aombe ikadiriwe na afisa wa mahakama.

Kwa hiyo naomba kila jumuiya iteue watu wawili wa kumfikia aliyeumia katika juma la kwanza. Waandike tarehe na saa ya ajali, majina ya walioshuhudia, na jina la msimamizi aliyekuwapo. Watunze karatasi zote za matibabu na chochote kinachoonyesha mshahara, maana kibarua mara nyingi hana mkataba. Kisha wamsindikize kwa afisa wa usalama na afya kazini, na wasiondoke pale bila nakala yenye muhuri.