Mfanyabiashara Mdogo na Mjumbe Wake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Neno tulilopewa kulisema leo lahusu leseni na ushuru wa soko, na njia ya kuwafikia wale wenye uwezo wa kuvibadili. Mama karanga wa Gazi, fundi cherehani wa Msambweni, mwenye kibanda cha vinyago Diani na muuza mboga wa Kona ya Musa, wote huuliza swali moja: ada hizi hupangwa na nani?

Jibu limo katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 210 chasema kwamba hapana kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Basi yule kijana apitaye sokoni na kitabu cha stakabadhi hana uwezo wa kupunguza hata senti moja. Kugombana naye ni kugombana na tarishi kwa ajili ya barua aliyoileta. Sheria hutungwa na wajumbe, na wajumbe huchaguliwa na sisi.

Haki hii wazee wetu hawakuikuta. Ni mwezi Machi 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, nao walikuwa 8 tu kwa nchi nzima. Pwani yote ilipata mmoja, Bwana Ronald Ngala, na si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Leo Kaunti ya Kwale peke yake ina wadi 20, na kila wadi ina mjumbe wake katika Bunge la Kaunti. Lakini mjumbe asiyeambiwa neno hawezi kulisema.

Yatupasa kwanza kuujua mlango wa kubisha. Masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti. Kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani ni mambo ya Bunge la Taifa. Mwenye mashua wa Shimoni apelekaye wageni Kisite, akitaka kuisemea ada ya hifadhi ile, ajue kwamba hifadhi hiyo iko chini ya serikali ya taifa. Mjumbe wa wadi atampa pole tu, na mtu wa kumwendea ni mbunge wake.

Pili, tuyajue majira. Makadirio ya matumizi ya kaunti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ada zenyewe huandikwa katika Mswada wa Fedha, ambao Bunge hilo huutazama na kuupitisha, pamoja na mabadiliko au bila ya mabadiliko. Kifungu cha 196 cha Katiba chaliamuru Bunge la Kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Asiyefika wakati mswada ungali mswada, akaja kulalamika ulipokwisha kuwa sheria, huyo ndiye aliyeambiwa: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Atalipa mwaka mzima kwa siku moja aliyobaki nyumbani.

Tatu, tusiende kila mtu na kilio chake. Jedwali la ada ni la kaunti yote, na mjumbe wa wadi moja ana kura moja. Wauza samaki wa Gazi wakisema peke yao, wamempata mjumbe mmoja. Wakikubaliana na wenzao wa Vanga, Msambweni na Tiwi kwa maneno yale yale, wamewapata kadhaa.

Nne, tuandike. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali kwa Bunge la Kaunti, akiliomba litunge sheria, liirekebishe au liifute. Ardhilhali njema ni fupi na ya heshima. Hutaja jambo lenyewe, hueleza ni ofisi gani iliyokwisha kuendewa na ilijibu nini, husema ombi waziwazi, na chini yake huwa na majina, namba za vitambulisho na sahihi, au alama za dole gumba kwa asiyeandika.

Nayo iwe na hesabu. Kusema “ushuru ni mzito” hakumsaidii mjumbe kitu mbele ya wenzake. Lakini mama karanga akionyesha daftari la mwezi mmoja, samaki alionunua kwa kiasi gani, mafuta na kuni kiasi gani, ushuru kiasi gani, na kilichobaki cha kulisha watoto, mjumbe amepata silaha ya kusimama nayo. Kifungu cha 201 chataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Daftari ndilo litakaloonyesha kama umegawanywa hivyo.

Wala tusiombe kupunguziwa tu. Fedha hizo ndizo zifagiazo soko na kuwasha taa zake. Pengine lililo bora ni kuomba choo na maji mahali tunapolipia. Tena tusimwendee mjumbe kwa bahasha, wala kwa matusi, wala kwa rangi ya chama chake. Na akitutendea jema, turudi kumshukuru.

Tunaomba basi mkutano huu uazimie mambo mawili: kwamba kila mwanachama mwenye biashara aanze daftari mwezi huu, na kwamba halmashauri ikusanye madaftari hayo na kuiandika ardhilhali yetu kabla ya Mswada wa Fedha ujao kufikishwa Bungeni.