Mshahara Uliokatwa ni Deni



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, baada ya darsa iliyopita mzee mmoja alinishika mkono pale kwenye viatu akaniuliza: "Maalim, mtumishi wa serikali akikatwa mshahara bila ya kosa, je, naye aruhusiwa kuikata kazi kwa kiasi kile kile?" Sikumjibu pale pale, kwani swali lile ni zito, na najua aliuliza kwa ajili ya mwanawe. Leo nitajaribu.

Tuwatazame kwanza ndugu zetu wa Kurdistan ya Iraq, ambao habari zao nimezifuatilia kwa miaka mingi katika magazeti ya Kiarabu. Kule nyumba nyingi huishi kwa mshahara wa serikali. Wanaolipwa, pamoja na wastaafu, wanazidi milioni 1. Mwaka 2014 Baghdad ilisitisha kupeleka fungu la bajeti la jimbo lile kwa sababu ya mzozo wa mafuta. Mwaka huo huo vita vya Daesh vikaingia na wakimbizi wakamiminika. Pipa la mafuta, lililokuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100 katikati ya mwaka 2014, likashuka chini ya dola 30 mwezi Januari 2016. Mishahara ya miezi kadhaa ya mwaka 2015 haikulipwa kabisa. Kisha Februari 2016 yakatangazwa makato, kuanzia asilimia 15 kwa wa chini mpaka asilimia 75 kwa wakubwa wa juu kabisa.

Makato yale yaliitwa "akiba". Zingatieni neno hilo, ndugu zangu. Serikali haikusema kuwa imeupunguza mshahara, bali ilisema kuwa inamwekea mtumishi. Mwenye kusema hivyo amekiri deni kwa ulimi wake mwenyewe, na deni halifutwi na mwenye kudaiwa. Lakini miaka ikapita, na wenye akiba yao hawakuiona. Makato yaliondolewa Machi 2019, kisha Juni 2020, bei ya mafuta ilipoanguka kwa sababu ya korona, yakarudi kwa asilimia 21.

Watumishi walifanya nini? Baadhi ya walimu walisomesha asubuhi na jioni wakaendesha teksi. Wengine, hasa wa Sulaymaniyah, waligoma hadharani mwaka 2016, na wakagoma tena kwa miezi mingi kuanzia Septemba 2023. Februari 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamuru Baghdad iwalipe watumishi wale moja kwa moja.

Wala msidhani jambo hili ni la nchi zenye vita tu. Huko Marekani, bunge na rais wakishindwa kuafikiana juu ya bajeti, ofisi hufungwa. Kuanzia Desemba 2018, kwa siku 35, watumishi wapatao 800,000 hawakupata mishahara yao. Karibu nusu walirudishwa nyumbani kwa likizo bila ya malipo, na waliobaki walifanya kazi bure. Watu wenye ajira serikalini walipanga foleni za chakula cha msaada. Mwaka 2019 ikapitishwa sheria kwamba walipwe malimbikizo yao ofisi zikifunguliwa. Na mwaka 2025 ofisi zikafungwa tena kwa siku 43.

Sasa nimrudie mzee wangu. Ujira ni mkataba. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka, na mwenye kunyimwa ana haki ya kudai, kushitaki, na hata kuiacha kazi kwa uwazi. Ama kuchukua haki yako kwa siri kwa aliyekudhulumu, wanazuoni wamekhitilafiana. Wenye kuruhusu hutaja kisa cha Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyeruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe. Lakini hata hao wameweka masharti: haki iwe wazi, isizidi, na asidhuriwe mtu wa tatu.

Hapa ndipo hoja ya kukata kazi inapoanguka. Mwalimu anayetia sahihi daftari la mahudhurio kisha akaenda zake hakuchukua kitu kwa waziri wa fedha. Amechukua kwa mtoto aliyekaa darasani, na mtoto yule hamdai wala hamdaiwi. Muuguzi anayetaka "chai" kwa mgonjwa ni hivyo hivyo. Mwambie mwanao, mzee wangu, adai mbele ya watu, asichukue nyuma ya mlango.

Na watawala nao? Mwaka wa ukame wa Ramada, Umar bin Khattab (r.a.) alijizuia samli na maziwa mpaka watu walipopata faraja. Saudi Arabia, Septemba 2016, ilipokata posho za watumishi ilipunguza pia mishahara ya mawaziri kwa asilimia 20. Posho zikarudishwa Aprili 2017. Mwenye kukata na aanze na sahani yake.

Nina khofu kubwa zaidi na jambo moja lililo karibu nasi: mikopo ya riba. Mshahara ukichelewa wiki mbili, mtumishi hukabidhi kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri kwa mkopeshaji, na mshahara ukija huliwa kabla hajauona. Wapo wanaotoka makato ya serikali wakaingia makato yasiyo na mwisho. Nami sisemi nikiwa mbali. Ada ya madrasa hutoka katika mishahara hiyo hiyo, na ikikatika huko nasi huku hufunga mikanda.

Katika Suratul Baqara, aya ya 280, tumeamrishwa kumpa muhula mwenye deni aliye katika dhiki. Basi wenye maduka walio tayari kuwaandikia watumishi unga, mchele na mafuta bila ya ziada mpaka mishahara itoke, naomba wabaki baada ya sala ya Isha. Daftari liko kwa katibu wa msikiti.