Amri Haili Bila Mshahara wa Mwalimu
(Maneno tuliyosema mbele ya watumikaji na wakaaji wa Masisi na Walikale)



Mnatuuliza: kwa nini biro za masomo hushika amri moja upesi, na nyingine hulala katika makaratasi? Tutazame masomo ya bure.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi katika shule za Serkali ni bure. Lakini miaka 13 ikapita, nanyi wachimbaji wa Bisie na Rubaya mkaendelea kulipa prime ya mwalimu. Sababu? Tangu miaka ya 1990 mshahara wa Serkali haukumtosha mwalimu, na sehemu ya feza ya wazazi ilipanda hata kulisha biro zenyewe. Nani atafukia kisima anachonywea?

Septemba 2019 Serkali iliamuru malipo yakome. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dolari milioni 800 kusaidia mpango huo. Biro zikafuata, watoto wakajaa madarasani.

Lakini mwalimu asiyeandikwa katika listi ya mishahara atakula nini? Hapo malipo hurudi kwa jina lingine.

Ndugu, vita imefunga shule nyingi kwetu. Kila shule inapofunguliwa, kamati ya wazazi iulize: waalimu wangapi wanalipwa, wangapi hawalipwi? Hesabu hiyo tuipeleke kwa wakubwa, kwa sauti moja. Mwalimu akilipwa, amri itasimama. Asipolipwa, mzazi atalipa tena.