Kutoka Kuluva hadi Koboko

Wauguzi na wakunga mnaohitimu leo,

Kusini kidogo ya mji huu wa Arua iko hospitali ya Kuluva. Mwaka 1961 daktari wa pale, Ted Williams, alipanda gari kuukuu na Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago pamoja na daktari mwenzao Cliff Nelson, wakaenda nchi baada ya nchi wakiulizia watoto wenye uvimbe wa saratani kwenye taya. Miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 wa eneo letu hili la West Nile wakatolewa damu, kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na uvimbe huo, kichunguzwe. Pengine mzazi wako alikuwamo.

Mwaka 1982 ikajulikana kwamba ndani ya uvimbe ule jeni iitwayo MYC imehama mahali pake. Protini yake ni nyapara: habebi tofali hata moja, kazi yake kuamrisha jeni nyingine. Jeni ikihama, nyapara hanyamazi tena, na seli zinagawanyika usiku na mchana.

Wakunga mtaniuliza, taya inatuhusu nini? Nyapara huyo huyo yumo katika saratani za kina mama. Kirusi cha HPV, kwenye mlango wa kizazi, mara nyingine hujipachika jirani na MYC na kuiamsha. Ndivyo ilivyokuwa katika seli za Henrietta Lacks, mama aliyefariki Marekani kwa saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1951. Seli hizo zingali hai maabarani. Kwenye saratani ya ovari, nakala za jeni hii mara nyingi huzidi. Huko maabarani, seli za saratani hiyo zilizoizoea dawa ya sisplatini zimelegea zilipopunguziwa MYC. Habari njema, ila dawa ya kumzima nyapara moja kwa moja haijafika kwenye kabati za hospitali zetu.

Kwa hiyo tumuwahi. Tangu 2015 wasichana wa miaka 10 wanachanjwa dhidi ya HPV kote nchini Uganda. Mama zao je? Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa hatakwambia. Atasema mgongo unauma. Aliyeleta mtoto kliniki, muulize taratibu, kwa Kilugbara, Kikakwa au Kinubi, mlango umefungwa. Kisha mpime mlango wa kizazi kwa siki. Penye seli zilizoanza kubadilika, doa jeupe hutokea kwa dakika chache, na likiwahiwa hutibika kabla halijawa saratani.

Jumatatu mkiripoti kazini, Arua au Koboko, kabla ya kuuliza chumba cha chai, ulizeni siki iko wapi.